Weupe Ndani ya Mboni

Atieno,

Mambo ya sufuria, blanketi na jiko la makaa mama yako ameshayamaliza. Mzigo wako ameufunga mara mbili, kwa sababu vile alivyoufunga mara ya kwanza hakupenda. Namna ya kuishi na wakwe utaambiwa na akina mama wa kanisa, ambao hawajaacha kukuambia tangu Jumapili. Mimi nimebaki huku karakana, nimekalia kitanda cha mteja ambacho bado sijakipiga msasa, nataka kumaliza kuandika kabla mwanga haujaisha. Kesho asubuhi utapanda basi la Kitale na Wafula, bwana harusi wako. Mdomo wangu ukijaribu kuyasema haya mbele yako utakwama, kama ulivyokwama juzi tukinywa chai, uliponiuliza, "Baba, mbona unaniangalia hivyo?" nami nikajibu hakuna kitu.

Kitu kilikuwepo. Mama yako alikuwa amenidokezea kwamba siku hizi akikaanga omena harufu inakutoa nje. Hajakuuliza, nami sikuulizi. Lakini kama ni kweli, basi ninayoandika si ya kuwekwa mpaka mwakani.

Mengine unayajua. Unajua jicho lako la kushoto ni la kioo na kwamba ulitolewa lile la kuzaliwa nalo kabla hujajua kutembea. Unajua ulikuwa na kaka. Ila umeyajua vipande vipande, kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, kwa kuyasikia kutoka chumba cha pili. Nataka leo uyapate yakiwa yamefuatana.

Nilifika Nairobi kutoka huko kwetu ziwani miaka ya mwanzo ya uhuru, na jicho moja. Lile la kulia lilikuwa limesinyaa tangu utoto, kope limefunga, vile unavyolijua. Nilichukua chumba Gatwekera, huko Kibera, cha udongo na mabati, na kila asubuhi nilitembea na wengine hadi eneo la viwanda kutafuta kibarua. Mhindi mmoja mwenye karakana ya fanicha alinitazama akacheka. "Chongo ataonaje mbao kama imepinda?" Nikachukua ubao, nikauinua usawa wa uso nikautazama kwa urefu. Nikamwambia, "Seremala yeyote lazima afumbe jicho moja ndiyo aone. Mimi yangu imeshafumba." Akanipa randa. Nilikaa kwake miaka mingi. Nikamwoa mama yako, na Odhiambo akazaliwa.

Alikuwa mtoto mnene, mwenye kelele. Alipokaribia mwaka mmoja, jioni moja mama yako alikuwa anamnyonyesha karibu na koroboi, mtoto akageuka kunitazama nilipoingia, na jicho lake moja likang'aa. Mboni ambayo inapaswa kuwa nyeusi ilitoa weupe, kama kipande cha bati kinachopigwa na mwanga kutoka mbali. Akageuza kichwa, ukapotea. Nilifikiri ni moshi wa taa.

Lakini majirani nao wakauona. Mwanamke mmoja wa chumba cha pili alimbeba karibu na mwanga akasema, "Huyu mtoto ana jicho ya paka. Huyu ataona hata gizani." Watu wakawa wanakuja jioni kumtazama. Walimgeuza huku na huku wakiutafuta ule mng'aro, wakiupata wanacheka, naye Odhiambo anacheka kwa sababu wanacheka. Mimi nilisimama hapo nikijivuna. Mimi, mtu wa jicho moja, nilimpata mtoto ambaye jicho lake linang'aa. Nikikumbuka kitu gani katika maisha yangu kinanitia baridi hata sasa, si siku ya mazishi. Ni zile jioni za kucheka.

Baadaye jicho likaanza kuangalia pembeni, makengeza. Kisha likawa jekundu. Zahanati walitupa dawa ya kupaka, tukapaka. Likaanza kusukumwa nje, kama kuna mtu ndani anayelisukuma kwa kidole gumba. Tulipofika hospitali kubwa, daktari alimwangalia muda mfupi tu. Alisema kilichoanzia nyuma ya jicho kimeshatoka, kinafuata njia ya mshipa kuelekea kwenye ubongo. Walilitoa lile jicho. Kile kitu kikarudi palepale, katika shimo lililobaki, kwa nguvu zaidi ya kwanza. Na jicho la pili nalo likaanza kutoa weupe.

Mwishoni alikuwa haoni kabisa. Nikiingia kutoka kazini alinyoosha mkono akapapasa uso wangu mpaka afike kwenye kope langu lililofunga. Akilishika, anatulia. Ndivyo alivyojua ni mimi. Alikufa wakati wa mvua ndefu, maji yakipita mlangoni, na tulimpeleka nyumbani ziwani kumzika.

Kabla hatujatoka hospitali mara ya mwisho, yule daktari alimwambia mama yako, "Mkipata mtoto mwingine, mleteni angali mchanga. Msingoje dalili." Mimi nilisikia maneno hayo kama mtu anayesikia redio ya jirani. Mama yako aliyashika.

Huko mazishini, shangazi yako, dada yangu, alisema mbele ya watu, akimtazama mama yako, "Kwetu hatuna hii kitu. Hii imetoka kwao." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama yako alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, hakusema neno. Nami sikusema. Tuliporudi Gatwekera watu waliendelea kumwita Mama Odhiambo, na kila wakimwita alikuwa anashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa mahali penye jeraha. Ndipo tukahamia Kawangware, huku mtaa wa Kongo, kwenye ploti ya Mama Njoki, mahali ambapo hakuna aliyejua jina la mtoto wetu. Mama Njoki hakutuuliza kitu. Alikuwa mjane, ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo wa mumewe kabla mji haujafika, na alizoea watu wanaokuja na mizigo midogo na nyuso zilizofungwa. Wewe ulizaliwa katika chumba kile cha kona.

Hukuwa na dalili yoyote. Nilikuangalia kila jioni na taa, na macho yako yalikuwa meusi kama kawaida. Nilimwambia mama yako, "Huyu ako sawa. Wacha tusimpeleke wakamharibu." Hakubishana nami. Asubuhi nilipoenda kazini alikufunga mgongoni akakupeleka peke yake.

Jioni alirudi akaniambia kesho nitakwenda naye.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mwingine, mwanamke kutoka Pwani, Kiswahili chake kimenyooka, anaongea taratibu. Alikutia matone, akangoja mboni zikafunguka, akakutazama ndani kwa taa yake ndogo kwenye chumba chenye giza, huku mimi nimekushika kichwa. Alisema jicho la kulia ni safi. La kushoto lina kitu kidogo cheupe nyuma, mahali ambapo mwanga wa taa yangu ya nyumbani usingefika mpaka kiwe kikubwa. Lazima jicho litolewe.

Nikamwambia, "Lakini huyu anaona. Jana ameshika kidole changu."

"Anaona, baba," akasema. "Na yule wa kwanza alikuwa anaona, mwanzoni."

Tukakubali. Nilikaa nje kwenye benchi na mama yako, na nilipokuona tena ulikuwa na kitambaa usoni na umelala, mkono wako umefunga ngumi. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyokukumbuka asubuhi ile.

Siku ya kukuondoa hospitali, yule daktari alinitazama mimi. "Na wewe jicho lako lilipotea vipi?"

"Mwiba," nikamjibu. "Nilikuwa nachunga mbuzi nikiwa mdogo, nikaangukia kichaka."

"Unakumbuka ulivyoanguka?"

"Hapana. Mama aliniambia."

Akaomba ruhusa, akainua kope langu kwa kidole, akatazama kile kilichobaki mle ndani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanawa mikono na kusema, "Ukienda nyumbani, muulize mama tena."

Nilikwenda. Dani wako, mama yangu, alikuwa uani, anapepeta mtama. Nikaketi karibu naye na kumwuliza juu ya mwiba. Aliendelea kupepeta. Akaniuliza, "Mwiba gani?"

"Ule ulionitoboa jicho."

Mikono yake ikasimama. Akaangalia upande wa boma la mbuzi, akasema, "Hakukuwa na mwiba."

Aliniambia kwamba jicho langu liling'aa. Aliuona weupe jioni mara nyingi, na baadaye likavimba mpaka nikawa silali wala yeye halali. Babu yako alikuwa ameshaonyeshwa mahali pa kunizika. Halafu, hakuna anayejua kwa nini, homa kali ilinipiga, jicho likaoza lenyewe, likakauka na kusinyaa kama haragwe lililosahaulika juani, nami nikaomba uji. "Tulisema ni mwiba," akasema, "ili watoto wenzako wasikuogope. Na ili siku moja mwanamke akubali kuolewa na wewe."

Sikumkasirikia. Alikuwa ametaka niishi kama watu wengine, na niliishi. Lakini njiani kurudi Nairobi nilikuwa naangalia nje ya dirisha la basi bila kuona kitu, maana nilikuwa nimeelewa kilichomuua Odhiambo kilipitia wapi.

Nilipofika niliwaita dada yangu na jamaa wote wa Kibera, wakaja Kawangware, wakaketi kwenye vitanda na viti nilivyoazima kwa Mama Njoki. Nikawaambia, "Haikutoka kwao. Imetoka kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nayo nikapona." Dada yangu akainamisha kichwa. Mama yako alikuwa anamimina chai na hakuacha kumimina. Walipoondoka nilimngojea aseme kitu kizuri. Akasema, "Ungewanyamazisha siku ile ya mazishi."

"Siku ile sikuwa najua."

"Najua hukuwa unajua. Ungewanyamazisha hata bila kujua."

Nimeishi na neno hilo, Atieno. Nilidhani ili kumtetea mtu lazima kwanza upate ushahidi. Wafula akija kusemwa na watu wako, au wewe ukisemwa na watu wake, kumbuka mama yako alivyokaa chini pale, peke yake, na mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake.

Tuliendelea kukupeleka kwa yule daktari. Jicho la kulia lilitazamwa tena na tena mpaka ulipoanza shule, na kila mara mimi ndiye niliyekushika kichwa. Siku moja, baada ya kukutazama na kusema bado ni safi, alituketisha, mimi na mama yako, akatueleza. Nitakuandikia kama nilivyoelewa.

Alisema mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona, na mtoto anakua kwa sababu seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Ndani ya kila seli mna maagizo ya kazi tuliyoyapokea kwa wazazi, na kila agizo limo mara mbili, moja la baba na moja la mama. Maagizo hayo anayaita jeni. Nyingi zinasema fanya hivi, fanya vile. Lakini kuna nyingine ambazo kazi yake ni kuzuia tu. Zinaiambia seli, inatosha, usigawanyike tena. Seli ikikosa kizuizi hicho inaongezeka bila kusikia la mtu, na huo ndio uvimbe, na huo ndio saratani.

"Mtu wa kawaida ana vizuizi viwili," alisema. "Kimoja kikiharibika, na vinaharibika, kingine kinashika kazi na mtu hajui hata kama kuna kilichotokea. Kuharibika vyote viwili katika seli moja ni bahati mbaya ya nadra sana. Lakini wewe, baba, ulizaliwa na kimoja kimeshaharibika. Si katika jicho tu. Katika kila seli ya mwili wako. Kila mahali umebaki na kimoja. Na jicho la mtoto linakua kwa haraka, seli zake ni nyingi mno, na katika wingi ule, moja tu ikipoteza kile cha pili, basi."

Mama yako akauliza, "Na Odhiambo?"

"Alipokea kile kilichoharibika."

"Na huyu?" Ulikuwa umekaa miguuni pake, unavuta kamba ya kiatu chake.

"Na huyu."

Nikamwuliza mimi nilikitoa wapi, maana baba yangu na mama yangu macho yao yalikuwa mazima hadi uzeeni. Akasema pengine kilianzia kwangu. Mara nyingi kinaanza tu, mtoto anapotungwa, na hakuna aliyekosea. Nilidhani maneno hayo yatanipunguzia. Hayakupunguza. Nilikuwa nimempa mwanangu kitu kwa mkono wangu, na kutojua hakukubadilisha mkono ulikuwa wa nani.

Kisha mama yako akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikimbia. "Akikua akizaa?"

Daktari hakuharakisha. "Kila mimba ni nusu kwa nusu, mtoto atakipokea au hatakipokea. Na mimba moja haiifundishi nyingine. Anaweza kuzaa wote wazima. Anaweza kuzaa wote nacho."

Ndiyo sababu huna mdogo wako. Majirani walisema mengi kuhusu hilo, na wewe mwenyewe uliwahi kulia ukitaka dada. Tuliogopa tu. Sikuambii ulikuwa uamuzi mzuri. Kuna jioni nyingi nyumba hii imekuwa kimya kupita kiasi, na nimewaza wale ambao pengine wangezaliwa na macho mawili mazima, na sisi tukawakataa pamoja na wengine. Kwa hiyo sikuandikii kukuambia usizae. Sina haki hiyo. Kama ningeufuata ushauri huo mimi, usingekuwepo wewe, na mimi sitaki dunia ambayo wewe haumo.

Nakukumbuka ukiwa darasa la pili au la tatu, watoto wa hapa walipokuwa wanaimba nyuma yangu, "Chongo wa Kongo, Chongo wa Kongo." Ulitoka kwa Mama Njoki, ukasimama mbele yao, ukalitoa jicho lako la kioo ukaliweka kwenye kiganja na kuwauliza, "Nani anataka kushika?" Walikimbia mpaka barabarani. Wewe ulilipuliza vumbi ukalirudisha, ukanishika mkono tukaenda nyumbani. Nilicheka usiku huo mpaka mama yako akanikemea. Sijawahi kukuambia nilivyojivuna.

Sasa nifike kwa jambo la pili, na hili hulijui.

Siku ile daktari alisema kitu kingine, na ni mimi niliyekiacha kipite. Alisema kile kizuizi si cha jicho peke yake. Kinafanya kazi katika mifupa, katika nyama, mahali pengi. Waliozaliwa kama sisi, hata jicho likiisha, wanapaswa kuuchunga mwili mzima, maisha yote. Mimi nilisikia jicho, jicho, jicho. Nilidhani tulishalipa na tumemaliza. Wewe umekua, jicho lako la kulia limebaki safi, miaka imepita, nami nikafunga mlango nikasema kile kitu kilikaa Gatwekera.

Unajua nimekuwa nikichechemea. Nilikuambia ni ubao ulioniangukia pajani, na ni kweli ubao uliniangukia. Lakini uvimbe ulikuwepo kabla ya ubao. Ulianza kama punje chini ya ngozi, haukuuma, nikauacha. Ukawa kama limau. Bado haukuuma, na hilo ndilo lililonidanganya, maana nilizoea kufikiri kwamba kitu kibaya lazima kiume. Mama yako alipouona alikaa kitandani akasema, "Vaa viatu." Tulikwenda palepale hospitali. Yule daktari bado yupo, nywele zimekuwa nyeupe, na alinitambua kabla sijataja jina. Alituma nipelekwe kwa wenzake, wakachukua kipande cha nyama wakakipima. Ni saratani ya nyama ya paja. Aliniambia bila kuzunguka, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema pia kwamba huko ng'ambo wataalamu wamekipata chenyewe kile kizuizi, wanajua mahali kinapokaa, na kwamba siku moja itawezekana kumpima mtoto na kujua kama amekipokea au hapana. "Siku moja," nikasema. "Siku moja," akasema. "Huku kwetu, bado tunategemea kutazama."

Wataukata mguu huu wiki ijayo. Tuliomba kazi hiyo ingoje mpaka uwe umeshaondoka. Usimlaumu mama yako. Mimi ndiye niliyetaka usafiri kama bibi harusi anavyosafiri, watu wakiimba, si kama mtu anayetoroka wodi. Wakiwahi, nitatembea kwa mkongojo na kuendelea na randa. Kama kimeshatoka na kufuata njia zake, kama kile cha Odhiambo, basi tutajua.

Nakuandikia haya si kwa ajili ya mguu wangu. Ni kwa sababu mwili wako umejengwa kama huu. Ukiona uvimbe mahali popote, usiseme ni mzigo uliobeba, usiseme ni jembe, usiseme hauumi. Nenda siku hiyohiyo. Wakikuona mtu wa kujishuku, waache wakuone hivyo.

Na mtoto. Kama yumo, Atieno, lile jambo limeshaamuliwa. Lilikwisha kuamuliwa siku ya kwanza, mle ndani, kimya, na hakuna mtu duniani anayejua limeamuliwa vipi. Atazaliwa mzuri. Atakutazama, utamwona mzima, na kila mtu atakuambia umebarikiwa. Usitulie. Mlete Nairobi angali na wiki chache, atiwe matone atazamwe mpaka nyuma kabisa. Wakisema ni safi, mrudishe tena, na tena, mpaka afike umri wa shule, hata wakikuambia unapoteza nauli. Usikae kumvizia jioni na taa kama nilivyokuvizia. Weupe ukiuona kwa taa ya nyumbani, umeshachelewa. Na kama siku moja utauona, asije mtu akakuambia ni jicho la paka.

Leo mchana nilimwita Wafula hapa karakana. Najua ulishamwambia juu ya jicho lako, na najua alikujibu, "Mimi naoa mtu, sioi jicho," na ulifurahi. Lilikuwa jibu zuri la kijana. Lakini niliona hajaelewa. Nikamwambia aketi, nikamweleza yote, tangu dani wako hadi mguu huu. Nilimfungulia paja akaona. Alikuwa ameshika kipande cha ubao, anakigeuza mkononi. Nilidhani atainuka aondoke, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia aende salama.

Akaniuliza, "Mzee, mtoto akiwa nayo, ataona?"

"Mkiwahi, ataona. Pengine kwa jicho moja. Pengine kwa yote mawili."

"Na tusipowahi?"

"Nilimzika Odhiambo."

Akaangalia mlangoni. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa karatasi. Alikiweka kile kipande cha ubao chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Huyo daktari," akasema, "huwa anaonana na watoto siku gani?"

Nilimwambia. Akarudia mwenyewe kwa sauti ya chini, mara mbili, kama mtu anayejifunza njia. Kwa hiyo anajua, Atieno. Hutabeba hili peke yako kama mama yako alivyolibeba.

Mwanga umeisha, naandika kwa kukisia. Habari za mguu wangu utazipata kwa mama yako. Zikiwa mbaya, usifunge safari kwa ajili yangu. Huko kwako ndiko kutakuwa na kazi. Lakini mtoto akizaliwa, njoo. Hata ukiambiwa sipo tena, usiishie mlangoni kulia na watu. Pita moja kwa moja na Wafula mpaka hospitali, mshike mtoto kichwa, wamtazame.

Baba yako